Kilichofungwa Kimeondoka

Habari za njia nitaziacha. Nilikwenda, nikafika, na aliyefika hana haja ya kuwachosha watu kwa kuwatajia kila bonde alilopita. Nitakalosimulia ni nililoliona katika nchi ya Fundoni kwa muda wa msimu mmoja, na nitalisimulia kama nilivyozoea kuandika taarifa zangu za kazi. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa bwana afya. Nimekagua vyoo, visima, machinjio na vilabu vya pombe, na pua yangu haidanganyiki kirahisi. Nalisema hili mapema kwa sababu Fundoni ilinidanganya.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni miti. Njia ya kuingia mjini ilishuka kutoka mlimani kati ya safu mbili za miti minene, na matawi yake ya chini yalikuwa yametundikwa vifurushi vidogo vya kitambaa cha nta, kila kimoja na utepe wake: mwekundu, wa manjano, wa kijani. Nikadhani nimebahatika kufika siku ya harusi. Nikanyoosha mkono kushika kimoja, na papo hapo nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu, kikohozi cha adabu cha mtu mwenye cheo.

"Karibu sana, mgeni," alisema. "Ila fundo hilo usiliguse. Lina mwenyewe."

"Ni zawadi?"

"Ni mavi ya mbwa," alinijibu bila kubadilisha uso.

Huyo alikuwa Bwana Ndungula, Mkaguzi wa Mafundo. Alishika fimbo nyembamba yenye ndoano nchani, na kwa ndoano hiyo aligeuza vifurushi kimoja kimoja akitazama jinsi vilivyofungwa. Fundo halali lina vitanzi viwili na ncha zilizokatwa sawa. Kila nyumba ina rangi yake ya utepe, na kila mbwa akijisaidia, mwenyewe huinama, hufunga, hutundika, kisha huenda zake akiwa raia mwema. Juu ya lango la mji wamechonga sheria yao ya kwanza, ambayo watoto huiimba kabla hawajajua kuhesabu: *Kilichofungwa kimeondoka.*

"Na huondolewa lini?" niliuliza.

"Kuondolewa?" Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Bwana, yamekwisha fungwa."

"Lakini nayaona."

"Unaona kitambaa."

Ningeweza kucheka. Lakini nilikumbuka mitaa niliyoikagua kwetu, jinsi watu walivyotia uchafu kwenye mfuko wa rambo, wakaupiga fundo, wakaurusha ng'ambo ya ukuta, na kurudi ndani na amani ya moyo. Nyani haoni kundule. Nikafunga mdomo na kumfuata.

Alinipeleka nyumbani kwa Bi Salile, mjane wa makamo yangu, ambaye ndiye Mtunza wa Jicho. Jicho ni chemchemi yao, maji pekee ya mji mzima, na nyumba ya mtunza wake iko hatua thelathini tu kutoka hapo. Kabla sijavuka kizingiti, jibwa la kahawia lilitoka ndani na kunijia moja kwa moja. Kwetu mbwa anayekujia hukemewa kwa jiwe, na mkono una mazoea yake. Nikainama na kuokota. Uchochoro wote ukanyamaza.

"Umeangusha kitu, kaka?" Bi Salile aliuliza kutoka mlangoni.

"Eh... ndiyo, dada."

"Basi kiache huko huko chini."

Nikakiacha. Mbwa akaninusa magoti, akaona hayana maana, akarudi kulala. Jina lake Tulizo. Alikuwa mzee, sikio moja limesimama na jingine limelala, na alipotembea miguu yake ya nyuma ilichelewa kidogo. Nilimwuliza mwenyeji wangu kwa nini mtu mwenye akili kama yeye anaishi na mbwa ndani ya nyumba. Hakuchukia. Alisema mumewe alipofariki, miaka sita iliyopita, watu walikuja siku arobaini, kisha wakawa na shughuli zao.

"Watu walikuja na maneno," alisema. "Huyu alikuja na kichwa chake, akakiweka juu ya mguu wangu. Mpaka leo hajakiondoa."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Nikashindwa.

Chakula cha mchana kilinifundisha sheria ya pili, inayoitwa Haki ya Pua. Chungu kikiiva huwekwa kwanza mbele ya mbwa, naye huchagua. Tulizo alichagua mnofu wa paja, mkubwa, usio na mfupa wala mshipa. Mimi na Bi Salile tukala dagaa. Ni vivyo hivyo kila nyumba. Na kwa kuwa mbwa mwenye hiari hachagui mchicha, Fundoni hula ng'ombe wengi mno kwa mji wa ukubwa ule, au kusema kweli, mbwa wa Fundoni ndio wanaowala. Kutoka dirishani niliona mlima wanaouita Mlima Msitu. Haukuwa na mti hata mmoja kutoka kiunoni kwenda juu. Ulikuwa malisho matupu, yamelika hadi udongo mwekundu umetokeza. Na vichwa, miguu, utumbo na mapafu ya ng'ombe wale hutupwa bondeni, kwani ni aibu kumpa mbwa kitu ambacho hata binadamu hakitamani.

"Msitu uko wapi?" niliuliza.

"Ulikuwepo," alisema Bi Salile, akimpangusa Tulizo midomo. "Tulihitaji nafasi."

Siku ya tatu goti la Bi Salile lilimuuma, asiweze kutembea. Nikamtoa Tulizo mimi. Alifanya haja yake chini ya mti ulio juu ya chemchemi, nami nikainama, nikafunga kwa utepe wa kijani wa nyumba ile, vitanzi viwili, ncha sawa, nikatundika. Bwana Ndungula alikuwa akipita. Aliligeuza fundo langu kwa ndoano yake, akalitazama kwa muda.

"Mgeni," alisema, "una mkono."

Nilifurahi. Naona haya kuliandika, lakini taarifa isiyo kamili si taarifa. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, na sikukumbuka hata kidogo nilichokitundika pale juu ya maji.

Asubuhi yake nilikwenda kuona Kamba Chini. Hiyo ni saa ambayo mbwa wote wa mji hufunguliwa kamba kwenye nyasi ndefu zilizo chini ya chemchemi, karibu na matete. Sikudhani ningeupenda mchezo ule, lakini niliupenda. Mbwa zaidi ya mia mbili walikimbia kwa furaha ambayo mimi sijaipata tangu nilipofaulu mtihani wa darasa la nane, na wenye mbwa walisimama pembeni wakiitana na kucheka, wazee kwa vijana, watu ambao pengine wasingesalimiana kamwe kama si kamba walizozishika. Katikati ya kelele zile, ndege aina ya kwale aliita kutoka kwenye nyasi. Kisha mwingine akajibu upande wa pili.

"Unasikia?" mama mmoja aliniambia kwa fahari. "Watu wa nje husema mbwa huwamaliza ndege wanaotaga chini. Kwale wetu hao hapo."

Mimi ni mkaguzi. Nikaingia kwenye nyasi kumtafuta kwale, na nikamkanyaga mzee mmoja aliyelala kifudifudi, viganja vyake vimekutana mdomoni.

"Pole, bwana," alisema kwa sauti ya chini. "Umenikanyaga ofisini."

Aliitwa Mzee Makombe, na cheo chake ni Mwita Kwale wa Baraza. Alinivuta nikae chini nisionekane. Kazi hiyo, alisema, alipewa zamani na wakuu wa mji ili kuwachangamsha kwale waite zaidi.

"Miaka ya mwanzo nilikuwa naita mara moja, nanyamaza, nasubiri. Nikijibiwa, kazi imekwisha, narudi nyumbani kunywa uji. Sasa ni miaka kumi na moja sijajibiwa. Naita upande huu, natambaa, nakwenda kujijibu upande ule." Alinionyesha magoti yake, yamesuguka kama nyayo. "Kutambaa ndiko kunakonimaliza."

"Kwa nini usiwaambie watu?"

"Niwaambie nini? Wanasikia kwale kila asubuhi." Alielekeza kidole kwenye nyasi. "Na mimi mwenyewe nina mbwa wawili, wale weupe wanaochimba kule. Wangu wa kike ndiye aliyenitolea kiota cha mwisho. Aliniletea mayai manne mdomoni, hajavunja hata moja, anatikisa mkia. Angejuaje?"

Alinionyesha kwa viganja jinsi alivyoyapokea. Halafu akakumbuka zamu yake, akaanza kutambaa.

Baada ya hapo nilianza kuitazama Fundoni kama nilivyofundishwa kutazama, yaani kuanzia juu kwenda chini. Mlima hauna miti, kwa hiyo mvua ikinyesha haina wa kuizuia. Chini ya mlima iko miti ya mafundo. Chini ya miti liko Jicho. Mvua ya rasharasha ilinyesha siku ya sita, nami nikasimama kwenye chemchemi nikaona vitambaa vilivyooza vikiachia mzigo wao, na michirizi ya kahawia ikishuka taratibu, kila mmoja na kijipande chake cha utepe, hadi majini. Nilichota kwa kiganja, nikanusa. Sikuhitaji darubini.

Jioni, jua bado lipo, Bwana Ndungula alikuja kunitembelea. Alizungumza habari za hewa kwa muda mrefu. Kisha akasema, akiitazama fimbo yake, "Bwana afya, tuseme kuna mtu ana mjukuu. Tuseme mjukuu huyo anahara siku ya tisa sasa, na tumbo limemjaa. Mtu huyo afanyeje?"

"Achemshe maji ya kumpa, yatokote hasa. Na amlete mtoto nimwone."

"Kuchemsha maji ya Jicho ni kuyatukana," alisema. "Kuna kifungu."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Zawena." Hapo uso wake ukaanguka wote kwa mara moja. "Ana miaka miwili. Nimekaza sheria, bwana. Wiki hii nimewarudisha watu kumi na saba wakafunge upya. Sijui tena nikaze nini."

Nilimwambia achemshe akiwa amefunga mlango, na nikampa pakiti za chumvi ya kuwarudishia maji wanaohara nilizobeba. Alizitia kifuani kama mwizi.

Ndipo Bi Salile aliponieleza jambo lililokuwa likimkosesha raha tangu nifike. Kila mwaka kabla ya masika kuna Siku ya Bakuli. Mtunza wa Jicho huchota bakuli la kwanza, hulinywa mbele ya mji, na kusema, "Maji ni mema." Akisema si mema, sheria hutaka apatikane mwenye kosa, naye huvushwa mlima asirudi. Mwenye kosa hushikwa mkono na mtu asiye na sehemu katika kosa lile; ndivyo sheria yao ilivyo safi. Walianza kwa kuwavusha bata. Wakafuata wafinyanzi kwa sababu ya udongo wao. Wa mwisho alikuwa mchunga mbuzi mmoja mpole, aliyevushwa na Ndungula mwenyewe, ambaye hajapata kufuga mbuzi. Sasa hawakubaki wa kusingiziwa, na Baraza lilikuwa limepitisha kifungu kipya: asipopatikana mwenye kosa mwingine, atakuwa mbwa wa mtunza, kwa kuwa ndiye analala karibu zaidi na maji.

"Ng'ambo ya mlima kuna fisi," alisema. Tulizo alikuwa amelala, kidevu juu ya mguu wake. "Na huyu hata kukimbia hawezi. Mwaka jana nilikunywa. Mwaka juzi nilikunywa. Niliumwa tumbo wiki nzima, nikajifungia ndani mtu asinione. Nikinywa na mwaka huu, Zawena atakunywa baada yangu. Nisipokunywa, wanamchukua huyu. Haya, wewe bwana afya umesoma. Ungefanyaje?"

Nimewahi kufunga machinjio mbele ya watu wenye visu. Kwa mama yule nilichoweza ni kumpashia maji ya kukanda goti.

Siku ya Bakuli ilikuwa ya nane tangu nifike. Mji wote ulikusanyika juu ya chemchemi, mbwa na watu, chini ya ile miti ya tepe. Kwanza ulifanyika mjadala, maana Wanafundoni hawawezi kunywa maji bila mjadala. Mama Zinduna, Mkuu wa Baraza, mwanamke mrefu mwenye kiu ya haki na masikio mazito, aliwapa nafasi Wakazaji. Wao walisema mji unanuka kidogo, hawakatai, na dawa ni vitanzi vitatu badala ya viwili, tena kitambaa kiwe cha hariri. Wakapigiwa makofi sana.

Kisha akasimama Bwana Hemela wa upande wa Wafukuzaji, ambaye ng'ombe wote wa mlimani ni wake. Alisema mbwa wamezidi na waondoke. Watu wakaguna. Akafafanua: waondoke wa wale wenye mbwa mmoja mmoja, kwani hao ndio wengi. Yeye ana mbwa kumi na wanne, na hao si mbwa tena, ni taasisi.

"Na ninyi mliandika kifungu cha mbwa wa mtunza," mtu alipaza sauti. "Unaogopa kumtaja mbele yake?"

"Simwogopi," alisema Hemela. "Namhurumia. Lakini sheria ni msumeno."

Bi Salile akaitwa. Alishuka polepole na goti lake, Tulizo nyuma yake, akachota bakuli, akapanda nalo. Aliliangalia. Ndungula alisimama mstari wa mbele, mjukuu wake kifuani. Mtoto alikuwa ameanza kupata nuru machoni, jambo ambalo tuliojua sababu yake tulikuwa wawili tu.

"Maji ni mabaya," alisema Bi Salile, na akayamwaga chini.

Hemela tayari alikuwa ameshika kamba mkononi, akamwendea mbwa. Tulizo, ambaye alizoea kwamba anayekuja na kamba anakuja na matembezi, akaanza kutikisa mkia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Subiri, Hemela," Bi Salile alisema. "Sijamtaja mwenye kosa."

Akaenda kwenye mti ulio karibu, akatafuta utepe wa kijani, akaushusha. Na mbele ya Baraza akafanya jambo ambalo hakuna Mwanafundoni aliyewahi kulifanya hadharani: akalifungua fundo. Harufu ilifika mbele kuliko maneno. Akina mama wakaficha nyuso kwa khanga, na mzee mmoja akasema, "Jamani, kuna watoto hapa!"

"Hili liliondoka mwaka jana," alisema Bi Salile. "Mnaliona? Limerudi, au halijakwenda? Mnasema mwenye kosa ni Tulizo. Tulizo alifanya alilolifanya pale alipokuwa, akaenda zake. Hakufunga. Hakutundika juu ya maji. Hakusema limeondoka. Wala hakuomba mnofu wa paja, nilimwekea mimi. Hakukata msitu. Kila kitu chake kibaya kina mkono wangu. Niandikeni mimi."

Mama Zinduna alisogeza sikio, akarudiwa maneno, akatafakari. "Mwenye kosa amejitaja," alisema mwishowe. "Sheria ni sheria. Salile atavushwa mlima kabla ya masika. Na ajitokeze wa kumshika mkono, mtu ambaye hajatundika kitu kwenye miti hii."

Hakutoka mtu. Hemela alitazama tepe zake nyekundu, zilizokuwa nyingi kuliko za wote, akarudisha kamba mfukoni. Mama Zinduna akatazama mstari baada ya mstari, na watu wakatazama viatu vyao. Halafu macho yakaanza kugeuka, jozi moja moja, hadi yote yakawa kwangu.

"Mgeni," alisema kwa faraja kubwa. "Mgeni hana utepe. Hana mbwa. Huyu ni msafi."

Nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilijiona hivyo hivyo. Nilikuwa nimewatazama siku nane nikiwa juu yao, kama mtu anayesoma bango. Bi Salile alinyoosha mkono wake, tayari nimshike, na akaniambia polepole, "Usiogope, kaka. Mlishe Tulizo kabla hatujaenda."

"Mama Mkuu," nilisema, "mimi pia nimefunga."

"Nini?"

"Nimefunga! Siku ya tatu. Tawi lile pale, la kushoto."

"Anamtetea mwenyeji wake," alisema Hemela.

Hapo Bwana Ndungula akakohoa kikohozi chake. Alimhamishia Zawena bega la pili, akainua fimbo, akaelekeza ndoano kwenye fundo langu. "Nathibitisha," alisema. "Nililikagua mwenyewe. Vitanzi viwili, ncha sawa. Lilikuwa fundo zuri sana." Kisha akaongeza, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, "Na mtoto huyu nimemchemshia maji siku mbili, na amepona. Kama ni kosa, nami niandikeni."

Kwa hiyo sheria ilikosa mkono wa kuishika. Mama Zinduna alisubiri mpaka jua likawa kichwani, akaahirisha kikao bila kusema mpaka lini.

Kesho yake Bi Salile aliazima jembe. Alikwenda ng'ambo ya chini ya mji, mbali na maji, akachimba shimo linalomfika kifuani, mimi nikimsaidia na kumkosoa kama ilivyo desturi ya wakaguzi. Kisha akashusha tepe zake za kijani zote, nyumba ile ina tepe nyingi, akazifukia. Mzee Makombe akaja na zake. Siku ya tatu ndoano ya fimbo ya Ndungula ilikuwa imeng'olewa na mahali pake pamechomekwa kijembe. Si wote waliokubali. Wakazaji wengine walihamisha mafundo yao kwenye miti ya mbali zaidi, wakajisifu kwa mageuzi. Hemela hajashusha hata moja.

Haki ya Pua nayo ilipata mtikisiko. Nilikwenda bondeni nikaokota utumbo na mapafu yaliyotupwa asubuhi ile, nikamchemshia Tulizo yakaiva sawasawa, maana mabichi yana minyoo, nikayaweka kando ya mnofu. Alichagua utumbo. Bi Salile alikaa kitako akacheka hadi akalia. Mnofu tukaula sisi, na tangu siku hiyo chungu cha nyumba ile kikawa kinaita ng'ombe wachache zaidi. Kwenye Kamba Chini walikubaliana, baada ya vikao vinne, kwamba upande wa matete kamba zisifunguliwe. Mzee Makombe alijiuzulu. Asubuhi ya kwanza bila kwale watu walisimama kwenye nyasi wakisikiliza, na wengine walilia kama waliofiwa, nami nilielewa kwamba ndiyo siku walipofiwa.

Nilikaa hadi masika yalipopita na nyasi zikarudi. Asubuhi niliyokusudia kuondoka, Bi Salile alinisindikiza hadi kwenye matete, Tulizo akiwa na kamba yake. Makombe alikuwa ameketi kwenye jiwe akila muhogo wa kuchemsha, miguu imenyooshwa. Tulikuwa tukiagana, na mimi nikitafuta maneno ambayo bwana afya hafundishwi, Tulizo alipoinua sikio lake lililolala. Sikuwahi kuliona limesimama.

Kisha kwale akaita.

Sote tulimgeukia Mzee Makombe, Bi Salile kwa hasira, maana mzee alikuwa ameapa hataita tena. Mzee alitikisa kichwa kwa nguvu, macho yamemtoka. Mashavu yake yalikuwa yamejaa muhogo.

Kwale akaita tena, ndani kabisa ya matete. Tulizo alisimama, kamba ikakaza, mwili mzima ukamtetemeka kwa kutaka.

"Kaa, baba," Bi Salile alimwambia.

Akamtazama, akatazama matete, akakaa.